Sekunde Arobaini na Saba za Mama Mlezi

Sikutaka Mama Mlezi apatwe na ajali wala ugonjwa. Hayo yangemletea wageni na maua. Nilitaka aaibike akiwa mzima, amesimama, amevaa nguo mpya, mbele ya watu mia nne wanaomwamkia kila Jumapili. Najua maandiko yanasema kisasi ni cha nani. Nilikuwa nimeamua kumsaidia Mwenyewe kazi.

Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti. Siku za kazi nina kibanda changu cha kutengeneza spika na redio, na Jumapili nakaa nyuma kabisa ya kanisa letu, kwenye jukwaa dogo la mbao, mikisa, mtambo wa kupandisha na kushusha sauti, mbele yangu na kompyuta pembeni ikirekodi ibada. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na moja bila malipo. Watu wananiita Mtaalamu, ila wengi hugeuka kunitazama spika zinapopiga mluzi tu. Ibada ikienda vizuri ni Roho Mtakatifu, ikienda vibaya ni fundi.

Binti yangu ana miaka kumi na sita. Nilimpa jina la Kasuku alipokuwa mdogo, kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Mama yake alifariki Kasuku akiwa na miaka mitano, na dada yangu, ambaye ni muuguzi, akahamia kwangu kunisaidia kulea, hajaondoka mpaka leo. Mwaka jana maneno ya Kasuku yalianza kupungua. Akirudi shule analala na viatu. Chakula anakizungusha kwenye sahani mpaka kinapoa. Dada akaniambia, "Kaka, mtoto huyu haumwi kichwa wala tumbo, lakini anaumwa." Mimi nikasema ni mambo ya umri. Nikamwambia Kasuku aombe zaidi, na kama kuna linalomsumbua akamwone Mama Mlezi.

Akaenda. Mimi ndiye niliyemtuma, na hilo sitalisahau.

Mama Mlezi ndiye mlezi wa vijana wa kanisa letu. Ni mama wa makamo, ana sauti laini, na akikusalimia anaushika mkono wako kwa mikono yake yote miwili. Jumamosi moja, saa tisa alasiri, darasa la vijana lilipokwisha, Kasuku alibaki nyuma akamwambia jambo ambalo mimi baba yake sikuwahi kuambiwa: kwamba kila akilala anamwomba Mungu asiamke. Mama Mlezi alilia naye. Akamwambia, "Mwanangu, hili litabaki kati yangu, wewe na Mungu."

Lilibaki kwa saa kumi na tisa.

Jumapili, saa nne asubuhi, kipindi cha ushuhuda, Mama Mlezi alichukua maiki akamwita Kasuku mbele. Mtoto akaenda akidhani anaitwa kupanga viti vya watoto. Mama Mlezi akamshika bega, akainamisha kichwa, akaanza kuongea polepole, kama watu wanavyoongea wakiwa na siri. Akasema binti huyu ana roho ya mauti. Akasema amemwambia kwa kinywa chake kwamba anataka kufa. Akawaomba watu wote wanyooshe mikono, na watu mia nne wakanyoosha mikono kumwelekea mwanangu. Nilikuwa kwenye mitambo. Nilifanya kazi yangu. Kila neno lilisikika mpaka kwenye choo cha nje.

Kesho yake shuleni walimwita Marehemu. Watoto hawana huruma, na wazazi wao ndio waliowapelekea habari. Alivumilia siku nne. Siku ya tano dada yangu, aliyetoka kazini mapema kwa bahati tu, alimkuta katika hali ambayo sitaieleza, akamwahi. Tulikaa naye hospitali siku tisa. Daktari alisema huu ni ugonjwa, una jina, una dawa, una watu wa kuzungumza nao, na mtoto hakuuchagua.

Tuliporudi nyumbani dada akawa amiri jeshi. Alikusanya kila kitu ambacho kingeweza kumdhuru akakifungia, ufunguo akauvaa shingoni. Akaweka sheria kwamba Kasuku haachwi peke yake, na kwamba Jumatano ni siku ya mshauri hata mbingu zikianguka. Kila jioni alisali naye, sala fupi, ya kushukuru kwamba siku imeisha na yupo. Mimi akanifundisha jambo moja. "Muulize wazi. Usizungukezunguke. Sema, 'Unafikiria kujiua?' Kumuuliza hakumwingizii wazo kichwani, kunamwonyesha kwamba unaweza kulisikia jibu." Nikasema sawa. Sikuuliza. Nilimuuliza kama amekula, kama amelala, kama amesoma. Lile swali lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wageni wa kanisani walikuja. Mmoja alisema Kasuku amepungukiwa imani. Dada akamuuliza kama miwani aliyovaa nayo ni upungufu wa imani, mgeni akamaliza chai yake akaaga. Mama Mlezi mwenyewe hakuja. Alituma ujumbe kwenye simu yangu: Tunazidi kuomba, roho ile ilikuwa na nguvu. Niliusoma nikiwa nimesimama kibandani, mkononi nina koleo, na nilitamani awe mbele yangu.

Hapo ndipo nikakumbuka ninacho kitu chake.

Mwaka mmoja kabla ya haya yote, Mama Mlezi alivaa maiki ya kifuani kwenye mazoezi ya ibada, akasahau kuizima, akaingia na mchungaji kwenye chumba cha nyuma ya madhabahu. Kompyuta yangu ilikuwa inarekodi. Nilisikia kwa hedifoni kabla sijajua ninachosikia. Alikuwa analia. Alikuwa anamwambia mchungaji kwamba kijana wake, yule ambaye sote tulimchangia mazishi tukiambiwa amekufa kwa homa chuoni, hakufa kwa homa. Alijiua. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama Mlezi alimsihi mchungaji asimwambie mtu hata mmoja, maana watu wakijua hawatamkabidhi tena watoto wao.

Fundi wa sauti ana masikio, hana mdomo. Nilinyamaza mwaka mzima, hata dada sikumwambia. Lakini faili sikuifuta. Na sasa nilipofikiri kwamba mwanamke huyu alijua, kwamba yeye kuliko watu wote alijua linavyomaliza mtoto jambo hili, na bado akamsimamisha wangu mbele ya watu, damu ilinichemka. Siri yake ilifaa kufichwa nyuma ya madhabahu, ya mwanangu ikafaa kutangazwa mbele yake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Najua kuna mtu atasema pengine aliogopa, pengine alimwona kijana wake kwa Kasuku akapapatika. Mimi sikutaka kuelewa. Ukielewa, hasira inapoa, na yangu niliitaka ya moto.

Tangazo likatoka kwamba Mama Mlezi atasimikwa kuwa mzee wa kanisa. Nikafunga kibanda saa za chakula cha mchana siku tatu mfululizo nikafanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikata mvumo wa feni. Nilitoa kelele za kiti. Nikaacha sekunde arobaini na saba, sauti yake peke yake, kilio na neno lile, jina la kijana na ombi la kufichiwa. Nilimsafisha kama anaandaliwa harusi. Mpango ulikuwa rahisi. Angemaliza hotuba ya shukrani, watu wangepiga makofi, mimi ningebonyeza.

Nilikuwa na furaha wiki ile. Nilipiga miluzi kibandani. Dada akaniambia nimenawiri.

Jumapili yenyewe dada alikuwa na zamu hospitali, kwa hiyo Kasuku akaja nami kanisani saa moja asubuhi. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimefungwa vitambaa vyeupe, madhabahu imepambwa. Nikamketisha kwenye kiti changu nyuma ya mikisa, nikaenda mbele kubadilisha waya mmoja uliokuwa unakatakata. Ilichukua kama dakika kumi. Niliporudi alikuwa amevaa hedifoni. Kwenye kompyuta faili yangu ilikuwa wazi. Niliipa jina Mlezi, bila hata kuificha, maana nani angeigusa?

Alivua hedifoni, akaziweka chini taratibu.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Nani?"

"Mtoto wake, baba."

"Kumi na tisa."

"Utaipiga leo?"

"Akimaliza hotuba." Sikuona haya. Nilidhani atafurahi, nisiseme uongo. Nilidhani kwamba namletea zawadi. "Na yeye aonje. Aone inavyokuwa watu wote wakikutazama."

Kasuku aliukunja kwanza waya wa hedifoni kidoleni. Siku hizo ndivyo alivyokuwa, unamuuliza swali, unakwenda kunawa, unarudi, ndipo anajibu.

"Kumbe na wewe ni kama yeye," akasema.

"Usinifananishe na mwanamke huyo."

"Huyu kijana amefanya nini? Hajakukosea kitu. Unataka kumsimamisha pale mbele." Alionyesha kwa kidole mahali pale pale aliposimamishwa yeye. "Watu watasema roho ya mauti iko kwenye ukoo wake. Na kama kuna mwingine humu anayejisikia kama mimi, atajifunza kwamba ukisema, utapigwa kwenye spika."

"Kasuku, mimi nakupigania wewe."

"Siku ile hukunipigania."

Nikamwambia siku ile sikuwa na la kufanya, maiki ilikuwa mkononi mwa Mama Mlezi. Nilikuwa mbali. Yote yalikwisha kabla sijaelewa.

"Nilikuwa nakutazama wewe," akasema. Hakupaza sauti. "Alipoanza kusema, nilikutafuta kwa macho. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wa nyuma walikuwa hawasikii, walikuwa wanaulizana. Nikaona mkono wako unakwenda kwenye mikisa. Nikasema, asante Mungu, baba anazima." Akanionyesha mikisa kwa kidole. "Ukaongeza."

Nilitaka kukataa. Nilifungua mdomo kukataa, na mkono wangu ukakumbuka. Mtu akiongea chini, unamwongeza. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja, vidole vinakwenda vyenyewe kabla kichwa hakijafika. Nilikuwa nimesikia watu wa viti vya nyuma wakinung'unika, nikampandisha Mama Mlezi taratibu, asipige mluzi, nikaondoa na uzito kwenye sauti ili maneno yatoke safi. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri. Na maneno yalipoanza kunifikia, nilikuwa na swichi ya kuzima hapo chini ya kidole gumba, na sikuibonyeza, kwa sababu nilihofia watu wangegeuka kunitazama.

Wiki saba nilikuwa namtafuta adui kule mbele. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo nilikuwa nimeivaa mwenyewe.

"Ifute," akasema Kasuku.

Nikaifuta. Sitajifanya kwamba nilifuta kwa moyo mweupe. Iliniuma kama kung'olewa jino. Nilikuwa bado namchukia yule mama, chuki yangu ilikuwa nzima haijapungua hata punje, ila sasa ilikuwa imepata wenyewe wawili, yeye na mimi. Nikafuta ya kwenye kompyuta, nikafuta ile nzima ya mwaka jana, nikamwonyesha mwanangu kwamba hakuna tena.

Alikuwa hatazami. Alikuwa anatazama mikono yake, na nilimwona amekonda, na nikajua kwamba kwa wiki nzima ile, nilipokuwa napiga miluzi, sikuwa nimemtazama hata mara moja. Nikapiga magoti pale kwenye mbao ili uso wangu uwe sawa na wake. Mwiba ulikuwa bado kooni, nikausukuma.

"Unafikiria kujiua?"

Niliogopa jibu kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

"Ndiyo," akasema. "Tangu Alhamisi. Nilikuwa nangoja leo ipite."

"Umepanga?"

Akatikisa kichwa kukubali, machozi yakaanza kumtoka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia tangu siku ile. Sikumwambia anyamaze. Sikumwambia Mungu hapendi. Nilimwambia, "Asante kwa kuniambia. Twende kwa shangazi sasa hivi." Kisha nikaona hilo halitoshi, nikasema na lile lililobaki. "Niliongeza sauti. Ni kweli. Nisamehe."

"Bado," akasema.

"Sawa. Nitangoja. Inuka twende."

Tulipofika mlangoni tukakutana na Mama Mlezi anaingia, amewahi ili ajaribu maiki. Alikuwa amevaa nguo nyeupe mpya, kilemba kimesimama vizuri. Akanyoosha mikono yake miwili kunisalimia, yangu nikaiacha mifukoni.

"Mtaalamu, Bwana asifiwe. Mnakwenda wapi na ibada inaanza?"

"Hospitali."

"Na mitambo?"

"Ipo. Iendesheni wenyewe."

Nilikuwa na mengine ya kumwambia. Yalikuwa yamejipanga mdomoni, makali, yangemkata palepale, na faili isingehitajika. Lakini Kasuku alikuwa amesimama kati yetu, na kabla sijasema, akasema yeye. Aliinamisha kichwa kama mtoto anavyomwamkia mtu mzima, akasema kwa sauti ya kusikiwa na sisi watatu tu:

"Pole mama kwa kijana wako. Hukupewa pole ya kweli."

Mama Mlezi alinitazama mimi kwanza. Alielewa. Nilimwona anavyoelewa, kwamba nimejua, tangu lini nimejua, na yote ambayo ningeweza kufanya leo. Kisha akamtazama Kasuku, akakaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, juu ya kitambaa cheupe cha sherehe yake. Nilikuwa nimetengeneza sekunde arobaini na saba za kumwangusha. Mwanangu alimwangusha kwa pole, wala hakuwa na nia hiyo. Nami nakiri, kidogo, nilifurahi.

Hospitali dada alitupokea akiwa kwenye sare yake. Alimtazama Kasuku usoni, akanitazama mimi, nikasema, "Nimemuuliza." Hakuniuliza amejibu nini. Alimshika mkono akamwingiza kwa daktari wa zamu, mimi nikaambiwa ningoje nje kwenye benchi la korido. Simu yangu ililia mara ishirini na mbili. Mchungaji, mwenyekiti wa kwaya, mchungaji tena. Nikaizima.

Baada ya saa moja hivi nikaona nguo nyeupe inakuja koridoni. Kilemba hakuwa nacho. Wagonjwa waliokuwa wanangoja walimpisha, wakidhani labda ni bibi harusi mzee aliyepatwa na jambo. Alisimama mbele yangu.

"Sherehe yako?" nikamuuliza.

"Nimewaambia wasinisimike."

"Umewaambia sababu?"

"Nimewaambia nilitoa siri ya mtoto. La wangu bado. Sijaweza."

Nilitaka kumfukuza. Neno lilikuwa tayari. Lakini nilifikiri Kasuku angetoka akakuta nagombana koridoni, na sikuwa na nguvu ya kumpa sababu nyingine. Nikasogea. Akakaa mwisho wa benchi, mkoba mapajani, kati yetu nafasi ya mtu mmoja.

"Kijana wangu aliniambia kwa simu kwamba amechoka," akasema, akitazama ukuta. "Nikamwambia afunge siku tatu na kuomba. Sikumuuliza amechoka nini."

Sikumsamehe, na wala hakuniomba. Mimi nilikuwa na deni langu la kungoja kule ndani. Tulikaa hivyo, watu wawili tusiopendana, tunatazama mlango mmoja.

Mlango ukafunguliwa. Daktari akatoa kichwa, akatazama korido.

"Mzazi wa mtoto ni nani?"

Tukasimama wote wawili.

Yeye akabaki wima kidogo, mkoba ukamwanguka. Kisha akakaa, na mimi nikaingia.